Vumbi la Mti Uleule

Mwanangu Nekesa,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa salamu nyingi, kisha mwandishi aseme yeye ni mzima na wasiwasi wake wote ni kwa yule aliye mbali. Lakini wewe bado hauko mbali. Uko kanisani, hapo nyuma ya duka la unga, na kila kwaya inapopandisha sauti nafikiri nakusikia. Akina mama wa kanisa wanakuaga. Naona kabisa watakavyokupa blanketi, mtu anayekwenda kuishi kwenye jua la Lodwar, nawe utalipokea kwa mikono miwili na kusema asante sana, kwa sababu mama yako alikulea vizuri. Mimi nilikuambia nina kazi ya kumalizia hapa karakanani. Kazi yenyewe ni barua hii. Nimeianza mara tatu, na karatasi mbili za kwanza nimewashia jiko la chai.

Ningeweza kungoja ufike, nikupigie simu. Lakini tunajuana. Ningesema, "Uko sawa?" nawe ungesema, "Niko sawa, Baba," nami ningesema, "Haya basi." Hapo ndipo tumekuwa tukiishia miaka hii minne. Tunaishi nyumba moja, tunakula meza moja, na maneno yetu ya siku nzima yangeweza kuandikwa nyuma ya kiberiti. Kwa hiyo nimechukua penseli ya kupimia mbao, maana kalamu siioni, na nitaandika mpaka nimalize hata kama utarudi unikute hapa.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa wala ulale ndani ya neti. Muuguzi ni wewe, mimi ni mtu wa misumari. Sitakuambia uchague marafiki vizuri, kwa sababu uliwachagua vizuri bila mimi. Nataka kukuambia jambo moja tu, nalo linanipa hofu, ndiyo maana naanza kwa kuzunguka kama fundi anayekagua gogo asilotaka kulikata.

Jumapili hapa Satellite, pembeni ya Kawangware, karakana zote zimefungwa. Makochi ya jirani yamefunikwa turubai, barabara imetulia, na vumbi la mbao limelala mahali lilipoangukia. Siku za kazi siisikii karakana hii jinsi ilivyo kubwa. Leo naisikia. Nimekuwa nikitazama ile benchi yako ndogo pale dirishani, ulipokuwa unakaa kupiga msasa miguu ya viti tangu ukiwa darasa la nne, ukiimba nyimbo za shule kwa pua kwa sababu vumbi la mvule lilikuwa linakufanya upige chafya. Nina upweke, Nekesa. Nimeona niliseme wazi, maana nimechoka kulizungushia maneno. Na sijui kupika ugali wa mtu mmoja.

Unajua nilivyoanza kazi hii. Nilitoka Bungoma nikiwa na msumeno mmoja na anwani ya binamu aliyekuwa amehama. Nilitengeneza vitanda, kabati, madawati, kila kitu mraba, kila kitu kimenyooka. Fundi mzuri wakati huo alikuwa yule anayeweza kunyoosha. Gogo likija na mpindo, unakata mpindo unatupa. Siku moja Njoroge, yule mzee aliyekuwa na karakana hii kabla yangu, alinituma nitupe tawi la mvule lililogawanyika mara mbili kama miguu ya mtu anayeruka mtaro. Nilikuwa mvivu siku hiyo. Badala ya kulitupa niliegemea ukutani nikalitazama, nikaona kiti. Miguu ya mbele ilikuwa tayari, mgongo ulikuwa tayari, nilichohitaji ni tezo na subira. Njoroge alicheka sana. Akaniambia, "Wewe unataka mti ndio ifanye kazi, wewe ukae." Alikuwa amesema kweli. Watu wenye pesa wa mtaa wa Kilimani walipokuja baadaye na kusema hiyo ni sanaa, sikubisha, lakini mimi najua ilianza kwa uvivu wa kunyoosha.

Basi nikawa fundi wa miti iliyopinda. Nikajifunza kufuata mshipa wa mbao badala ya kuupinga, nikajifunza kungoja. Mbao nene inataka mwaka mzima wa kukauka kwa kila inchi moja, na ukiiharakisha itakulipa ikiwa ndani ya nyumba ya mtu, mbele ya wageni. Nimepasukiwa na meza. Nimewahi kutengeneza kiti kizuri kama nini, na mwenye nyumba akakikalia mara moja tu kikapasuka kwa mlio wa risasi. Makosa hayo unayajua, tulikuwa tunayacheka wakati wa chakula, sisi watatu. Ningependa makosa yangu yote yangekuwa ya aina hiyo.

Lakini kuna kitu kingine Njoroge alinifundisha, na hicho sikuwahi kukufundisha, ulikiona tu. Ufa. Mti mgumu wa asili hauji bila ufa, hasa ukiuacha na umbo lake. Njoroge alikuwa anachukua vumbi la msasa, si vumbi lolote, la mti uleule, anachanganya na gundi nyeupe mpaka liwe kama uji mzito, anajaza ufa, anangoja, anapiga msasa tena. Kisha vanishi. Ukitumia vumbi la mti mwingine rangi itakusaliti. Lakini ukitumia la mti uleule, hakuna jicho litakaloona. Alikuwa anapitisha kidole juu yake na kusema, "Hata mti yenyewe haiwezi kumbuka." Nami nilikuwa hodari kwa hilo kuliko yeye. Katika barabara hii yote hakuna fundi aliyeziba ufa kama mimi, na nilijivunia.

Unakumbuka meza ya yule mama wa Kilimani. Lazima unaikumbuka, maana wewe ndiye uliyebeba mfuko wa zana. Ulikuwa umeanza chuo, ulikuwa na likizo, na nilifurahi sana ulipokubali kufuatana nami hata sikukuambia kwamba nilikuwa naogopa. Alikuwa amepiga simu kusema meza imefunguka. Tulipopanda hadi gorofa ya nne nikaona kosa langu kabla sijavua viatu. Dirisha kubwa, jua la mchana kutwa, na meza yangu ya mvule katikati, na ule ufa niliouziba mwaka mmoja nyuma umejitokeza wote, na lile vumbi na gundi limesimama ndani yake kama mstari wa chaki. Ufa peke yake ungekuwa mzuri. Kilichokuwa kibaya ni kile nilichojaza.

Nilijitayarisha kugombezwa. Yule mama alikuwa amesimama na mtoto kiunoni, akasema taratibu, "Fundi, si ungeniambia tu. Mimi hata ningeipenda hivyo hivyo, na ufa yake."

Nikamwambia nitairekebisha. Nikapiga magoti nikaanza kukwangua ule uchafu kwa ncha ya patasi, na nilichokuwa nafikiria hakikuwa meza. Tulirudi kwa miguu mpaka Kawangware, sijui kama unakumbuka. Tulipofika karibu na daraja ukasema, bila kunitazama, "Baba, lakini wewe huwa unajua pale iko, si ndio?"

Nikasema ndiyo. Fundi hujua daima pale alipoziba. Ukahamisha mfuko bega la pili tukaendelea na safari. Mwanangu, mpaka leo sijui kama ulikuwa unauliza juu ya meza. Nilingoja uulize swali la pili, hukuuliza, nami nikashukuru Mungu kwa woga wangu wote. Ningekuambia pale pale darajani kama ningekuwa mwanaume kamili.

Sasa nimefika.

Wiki iliyopita ulikuwa unakunja sare zako mpya kitandani, mimi nikiwa mlangoni. Nikakuambia basi lako linafika Kitale jioni na utalala hapo kabla ya kupata gari la Lodwar, na kutoka Kitale kwenda kwetu si mbali, pengine ungepitia ukaone kaburi la mama yako. Hujawahi kufika. Miaka minne nimekuwa nikikuambia twende, nawe unasema ukimaliza mwaka wa kwanza, ukimaliza chuo, ukipata kazi. Nilidhani ni uchungu. Safari hii uliendelea kukunja nguo, ukasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya sukari, "Nitaenda kufanya nini huko, Baba? Mama hakutaka kuniona."

Ukaweka sare juu ya sare nyingine. Nami nikaenda nje nikasimama karibu na tangi la maji.

Nekesa, hiyo si kweli. Na wewe hukuitoa hewani, mimi ndiye niliyekupa.

Nisikilize nikueleze ilivyokuwa, na nitaeleza kwa mpangilio ili usilazimike kubahatisha. Mama yako aliingia hospitali wiki ya kwanza ya mtihani wako wa kidato cha nne. Tulidhani ni homa ya kawaida, wakasema ni figo. Wewe ulikuwa Nyeri bwenini. Siku ya tatu, alipoweza kuongea vizuri, kitu cha kwanza alichoniambia, kabla ya maji, kilikuwa, "Baba Nekesa, niitie mtoto." Nikamwambia, "Kesho."

Unaona neno hilo. Nimeandika ukurasa mzima nikilikwepa, nilitaka uone linavyokaa mahali pake. Unajua fundi na neno hilo. Mteja akiuliza kabati, kesho. Akirudi, kesho. Mama yako alikuwa anasema kwamba nikifa wataandika neno hilo kwenye msalaba wangu. Sikulisema kwa ubaya. Nilifikiri mtihani ni wa wiki nne, mama yako atapata nafuu, mtoto atakuja akute mama amekaa kitandani, hatakuwa amepoteza chochote. Nilijua watu wengi waliofanya hivyo. Kwetu sisi mtoto wa mtihani haambiwi, ndugu wote watakuunga mkono, hata mwalimu atakuambia umefanya vyema. Wanasema mtihani haurudi. Hakuna aliyenikumbusha kwamba na mama harudi.

Aliniuliza tena siku iliyofuata. "Umemwita?" Nikamwambia kesho. Nilikuwa nimemletea uji kwenye ile chupa ya bluu, akanywa kidogo. Akaniambia nikikuita nikwambie uje na sweta, maana wodi ilikuwa baridi.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu. Hakuwa na nguvu, lakini alikuwa na akili zake zote, nataka ulijue hilo. Akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikafungua mdomo. Akainua kidole kuninyamazisha, akatabasamu, kabisa, lile tabasamu lake la upande mmoja, akasema, "Hiyo kesho yako ni ya wateja. Mimi si mteja."

Niliondoka pale nikiwa nimeamua kwenda Nyeri. Ninaapa. Nilifika mpaka River Road, nikasimama karibu na magari ya Nyeri, nikasikia wakiita abiria. Nikahesabu moyoni ulikuwa umebakisha karatasi ngapi. Nikakuona ukilia kwenye gari na kalamu mkononi. Nikakumbuka jinsi mama yako mwenyewe alivyokuwa anakufungia kitabu na chakula pamoja, masomo kwanza, masomo kwanza. Nikasema moyoni, ngoja nipitie hapa nichukue misumari, nifikirie. Nikanunua misumari, Nekesa. Nilirudi nyumbani na pakiti ya misumari. Mama yako alifariki Jumatano asubuhi, na nilikuja kujua baadaye kwamba saa ile ulikuwa kwenye maabara ukifanya kemia.

Hayo yalikuwa makosa ya mtu mwoga, na mtu mwoga anaweza kusamehewa. Kilichofuata ni kazi ya fundi.

Tulimzika nyumbani Jumamosi ya wiki iliyofuata. Watu walipoona mzazi anazikwa bila mtoto wake wa pekee, wakaanza kuuliza. Shangazi yangu akauliza kwa sauti kubwa, mbele ya wote, "Nekesa yuko wapi?" Nikasema uko kwenye mtihani. Wakanitazama. Nikaona kinahitajika kitu zaidi, ufa ule ulikuwa unaonekana, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye vumbi. Nikasema, "Mama yake ndiye aliyesema asisumbuliwe. Alisema masomo kwanza."

Unaona jinsi neno hilo lilivyokaa sawasawa? Masomo kwanza. Maneno yake mwenyewe, sauti yake mwenyewe, kila mtu pale alikuwa amewahi kumsikia akiyasema. Ningetumia uongo wa mti mwingine wangeuona. Mhubiri akalichukua akalipandisha jukwaani, akasema huyo ndiye mama, aliyejinyima kumwona mwanawe ili mwanawe afaulu. Watu walilia. Hata mimi nililia, na wakati nikilia nilikuwa nusu naamini.

Ulipomaliza karatasi ya mwisho nikaja kukuchukua. Ulitoka getini umebeba godoro kichwani, unacheka na wenzako, na sanduku likivutwa na rafiki yako. Jua lilikuwa kali nami nilikuwa nimevaa kofia. Ulinisalimu, ukanitazama, ukaacha kucheka. Ukasema, "Baba, wewe huvaagi kofia." Ukaweka godoro chini, ukanyoosha mkono taratibu ukanivua. Nilikuwa nimenyolewa kichwa chote, siku ya tatu baada ya mazishi, kama desturi yetu. Hukupiga kelele. Ulishika ile kofia kwa mikono yote miwili ukauliza, "Lini?" Nikakuambia. Kisha ukauliza, "Aliniuliza?"

Hilo ndilo swali, mwanangu. Katika maisha yangu yote sijaulizwa swali lingine. Na jibu lilikuwa neno moja tu, ndiyo, na ningelisema tungelia sote pale barabarani na ingeisha. Nikasema, "Alisema usisumbuliwe. Masomo kwanza."

Ukatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ukanivisha kofia yangu tena, ukaiweka vizuri. Nimevumilia mengi lakini ule upole wako wa kunivisha kofia sijauvumilia mpaka leo.

Nilidhani nimekupa zawadi. Nilidhani utajisikia ulipendwa mpaka mwisho. Ulipofaulu nikasema, unaona, imekuwa kama alivyotaka. Ulipochagua uuguzi nikasema unafuata moyo wa mama yako. Sikuona kwamba mtoto anaweza kusikia maneno yaleyale na kuelewa kwamba mama yake alikuwa na siku kumi za kumwita na hakumwita. Uliishi na hilo miaka minne, ukipika, ukisoma, ukiniwekea chai kwenye meza hii, ukilala wodini na mama za watu wengine ukiwaitia watoto wao. Mimi nilikuwa napitisha kidole juu na kuona laini.

Alikuita mara tatu. Alitaka kukuona kuliko alivyotaka maji. Alitaka uje na sweta. Aliyekuzuia ni mimi.

Sikuombi unisamehe kwenye barua. Barua haiwezi kuona uso wa mtu. Na usijilazimishe kuniambia niko sawa, Baba. Ukitaka kukasirika, kasirika kwa miaka unayotaka, mimi nitakuwa hapa hapa, geti unalijua. Nilichoogopa siku zote ni kwamba nikisema nitabaki peke yangu. Leo nikitazama benchi yako naona kwamba nilibaki peke yangu siku ile pale getini, na wewe pia, kila mmoja upande wake wa meza.

Sasa kuhusu kigoda nilichokutengenezea uende nacho. Kiko hapa mbele yangu, nimekifunga kwa gunia ili kisikwaruzike kwenye basi. Unakumbuka ule mvule ulioangushwa na upepo nyumbani, mwaka mmoja kabla ya mama yako kuugua? Ni yeye aliyesimamia ulivyopasuliwa, akaniambia, "Ule ubao wa katikati usimpe mteja. Tengenezea mtoto kitu." Nami nikamjibu unavyojua. Ubao umekaa juu ya dari hapa miaka yote mitano, umekauka hata ukiugonga unalia kama kengele. Mwezi uliopita niliuteremsha. Msumeno ulipofika katikati ukatoa cheche. Mvule huweka jiwe ndani yake mahali ulipowahi kujeruhiwa, jiwe kabisa, unaweza kuvunja meno ya msumeno wako. Fundi hulitoa akaziba shimo. Mimi nimeliacha lilipo, utaliona upande wa kushoto, jeupe, na ufa unaotoka kwake ukipita kwenye kikalio mpaka karibu na ukingo. Miguu mitatu nimeichonga kufuata mpindo wa mbao yenyewe, ndiyo maana mmoja unaonekana kama unataka kutembea.

Huo ufa sikuuziba. Lodwar ni kukavu kuliko hapa, nao utafunguka zaidi, pengine usiku utausikia ukilia. Usiogope, hautavunjika, nimeukagua. Na fundi yeyote wa huko akikuambia anaweza kukuzibia, mwambie hapana.

Kuna jambo la mwisho. Nyuma ya mlango wa jikoni kuna mfuko wangu mweusi. Ndani kuna shati moja, taulo, na jembe dogo lisilo na mpini, maana makaburi yetu huota nyasi haraka. Sijakata tiketi na sitakuamsha. Kesho asubuhi, kabla ya basi lako, nitakuwa nimekaa jikoni nimevaa viatu. Ukitaka kwenda na safari yako peke yako, chukua kigoda na mizigo yako, upite, sitauliza kitu, nitakusindikiza mpaka barabarani kama ilivyopangwa. Ukitaka tushuke wote Kitale, ubebe tu ule mfuko unipe. Huna haja ya kusema neno.

Kwaya imenyamaza. Sasa hivi nitasikia hatua zako kwenye kokoto, nawe utakuwa na blanketi. Nitaikunja barua hii niiweke ndani ya gunia, juu ya kigoda, mahali utakapoigusa ukiinua, na nitakuambia uinue kabla hujalala.

Nimekuwa nikijiuliza nimalizie na nini. Fundi humalizia kwa vanishi, lakini hiki hakina. Basi nimalizie na kazi niliyopewa. Nilitumwa ujumbe wa maneno matatu, nikaukalia miaka minne, na aliyenituma hakuwa mteja. Naufikisha sasa, ukiwa umeharibika kwa kuchelewa lakini ukiwa mzima.

Nekesa, mama yako anakuita.

Baba yako